Sifuri ya Wahome

Mzee Jeconia Oluoch hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Hakuwa na miwani yake mwenyewe. Aliyovaa ilikuwa ya marehemu kaka yake, na ilimwonyesha mambo kama kaka yake alivyoyaona. Hakuwa na meno ya kutafuna mahindi choma, jambo la aibu kwa mkaazi wa Kiplombe, nchi ya mahindi. Hakuwa na mazoea ya kushindwa. Na tangu mwezi wa tano hakuwa na Ephantus Wahome, na pengo hilo ndilo lililomuuma kuliko ya meno.

Wawili hao walikuwa wakikaa dawati moja katika darasa la watu wazima, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa. Jeconia, fundi mstaafu wa kiwanda cha nguo na mzee wa kanisa, alisoma maswali kwa sauti. Wahome, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alichora maumbo, kwa sababu mkono wa Jeconia ulitetemeka. Walikuwa wameahidiana kufanya mtihani wa kidato cha nne pamoja. Kisha siku moja mwalimu wao, Joyline, akauliza kama sifuri ni namba shufwa, yaani namba inayogawika sawasawa kwa mbili.

"Ni shufwa," Wahome alisema.

"Haiwezi," alisema Jeconia. "Sifuri si kitu. Utagawaje kitu ambacho hakipo?"

"Bwana Oluoch, juzi wajukuu wangu wawili walikuja dukani kutaka peremende. Sikuwa nazo. Kila mmoja akapata sifuri, na hakuna aliyesema mwenzake amependelewa."

"Lakini walilia!"

"Walilia sawasawa."

Darasa likacheka. Lingecheka kidogo, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Maximilla, mke wa Jeconia, ambaye naye alikuwa mwanafunzi, alicheka mpaka akashikilia meza. Jeconia akasimama na kutangaza kwamba mtu aliyezoea kupima misumari kwa kilo hawezi kufikiri juu ya kitu kisicho na uzito.

Wahome alifunga kitabu chake na kuvaa kofia. "Siku utakayojua nani alikuwa na haki, niandikie. Kabla ya hapo, hata simu usinipigie." Akalikabidhi duka kwa mwanawe, akaenda kukaa shambani kwake Soy. Dawati likabaki na mtu mmoja, na duara alizochora mtu huyo zilifanana na viazi.

Ili kumrudisha mwenzake, Jeconia aliamua kesi isikizwe na Mkaguzi.

Hilo ndilo jina ambalo darasa liliipa programu iliyokuwa kwenye kompyuta ambayo Joyline aliiacha ukumbini. Kazi yake ni kukagua uthibitisho wa hisabati. Unaandika mambo unayoyakubali, unaandika unalotaka kulithibitisha, kisha unaonyesha njia. Kila hatua ikifuata sheria, mstari unageuka kijani. Isipofuata, unabaki mwekundu, hata kama wewe ni mzee wa kanisa. Hesabu ikiwa ndogo, unaweza kumpa amri atafute njia mwenyewe. Jeconia aliwahi kuandika kwamba jambo fulani "linajulikana na kila mtu", Mkaguzi akalipaka wekundu, na mzee akakaa wiki nzima bila kumsalimia.

Lakini upatanishi ulikuwa kazi aliyoijua. Alikuwa amepatanisha ndoa, mipaka ya mashamba, na kwaya mbili zilizogombania kipaza sauti. Njia yake ilikuwa moja: kila upande upewe haki yake kwanza, maneno baadaye. Kwa hiyo Jumamosi moja, kabla mwalimu hajafika, alikaa mbele ya kompyuta, na mahali pa mambo yanayokubaliwa akaandika mistari miwili. Wa kwanza: sifuri si shufwa. Wa pili: sifuri ni shufwa.

"Sasa hakuna aliyeaibishwa," alimwambia Maximilla. Akauliza kama sifuri ni shufwa, akampa Mkaguzi amri ya kutafuta njia. Kijani. Akauliza kama sifuri si shufwa. Kijani.

"Mama Marvin! Wote tuko na haki!"

"Ebu ngoja. Muulize kama tatu ni sawa na saba."

Kijani.

Maximilla akavuta kiti karibu. "Muulize kama sitini na nane ni sawa na thelathini."

Kijani.

"Yesu wangu! Hatimaye nimepata kompyuta yenye heshima. Niandikie hiyo kwa karatasi, Jumapili naenda nayo kwa akina mama."

Wanafunzi wengine walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na swali lake la nyumbani, na yote yakapita kwa kijani, hata ya mtu aliyenakili swali vibaya. Hapo Joyline akaingia, mwavuli ukidondosha maji.

"Mzee, umeandika nini hapa juu?"

"Nimemtendea haki kila mtu."

"Umempa mambo mawili yanayopingana. Mkaguzi akishakubali mambo ya namna hiyo, hawezi tena kukataa lolote. Hii si kesi ya kwaya, Mzee. Toa mstari mmoja."

Jeconia akautoa wa Wahome, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi getini. Joyline akauliza tena kama tatu ni sawa na saba.

Kijani.

"Baba Marvin," Maximilla akasema, "Wahome ametoka lakini wazimu umebaki."

"Labda kompyuta imechoka."

"Rudisha wa Wahome, utoe wako," Joyline alisema.

Jeconia alirudisha wa mwenzake, kisha akaondoa wake herufi moja moja, akitumaini kwamba umeme utapotea. Haukupotea. Wakauliza habari ya tatu na saba. Wekundu ukajaa, na Maximilla akarudi kwenye umri wake wa sitini na nane.

"Lakini huo si ushindi," Jeconia akasema haraka. "Wahome ameshinda kwa sababu tumemkubalia mstari wake bila kumuuliza kitu!"

Joyline akatabasamu, kwa kuwa hapo mzee alikuwa amesema jambo la kweli. "Basi toa na huo. Tusimpendelee mtu. Namba shufwa ni namba gani?"

"Ni ile unayoipata ukijumlisha namba fulani na hiyo hiyo yenyewe. Nne ni mbili na mbili."

"Na sifuri? Mpe Mkaguzi namba ya kujumlisha na yenyewe."

Jeconia akainua kidole juu ya kibodi. Alipitia moja, akapitia mbili, ingawa alijua zamani kidole kinakwenda wapi. Akabonyeza sifuri.

Kijani. Sifuri na sifuri ni sifuri, na mstari wa Jeconia ulikuwa umepingana na hilo muda wote. Hakuna aliyekuwa amempa mtu chochote.

Jioni hiyo alikaa mezani kuandika. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba "kutokana na hitilafu fulani, matokeo ya awali yamefanyiwa marekebisho". Maximilla akaisoma akiwa amesimama.

"Huyu Hitilafu ni nani? Anasoma darasa letu?"

Jeconia akaichana. Akaandika nyingine:

*Ndugu Wahome,*

*Sifuri ni shufwa. Nilijaribu kuipinga, na tatu ikawa saba. Neno langu la misumari halikuwa na uzito wowote, nalo naliondoa. Duara zangu ni viazi, na mtihani hausubiri.*

*Jambo jingine. Joyline anasema moja si namba tasa. Mimi nasema ni tasa, maana inagawika kwa moja na kwa yenyewe tu, na mtu asiniambie vingine. Darasa zima limenyamaza kwa sababu ya adabu. Njoo unipinge.*

*Jeconia Oluoch.*

Jumatatu asubuhi alishuka mjini, posta. Akaisoma barua mara ya mwisho, akajizuia kuongeza neno, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Akabandika stempu na kuitia sandukuni.