Chumba cha Nyuma

Fundi cherehani aliuza nyumba yake kwa sababu ya ngazi. Zilikuwa kumi na tisa, za saruji, nyembamba, na kabla mumewe hajapooza upande mmoja hakuna aliyewahi kuzihesabu. Kumteremsha hadi kliniki kulihitaji wanaume wanne. Kila walipombeba, mzee yule, ambaye miaka thelathini aliendesha malori na hakuwahi kuomba msaada hata wa kubadilisha tairi, alifumba macho mpaka wafike chini. Mara ya mwisho aliwaponyoka. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo alikataa kutoka, akasema kwa ule mdomo wake uliopinda kwamba safari ijayo atashushwa ndani ya jeneza.

Basi Fundi akaapa kumpatia nyumba ya chini. Na asikudanganye mtu kwamba kuuza huku unanunua ni jambo la kawaida. Anayenunua kwako anataka funguo jana. Anayekuuzia anakwambia subiri kesho. Na wewe hapo katikati, huku si kwako tena na kule si kwako bado. Wateja walikuja wakafungua makabati, wakanusa choo, mmoja akapima madirisha yote kwa ajili ya mapazia, kisha akapotea na futi yake. Mwishowe wakapatikana maharusi wawili, walimu, kwa sharti moja: Jumamosi asubuhi wakabidhiwe funguo, maana na wao walikuwa wanatolewa walikopanga.

Nyumba ya chini ilikuwa ya bwana mmoja mcheshi ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba. Alikuwa na jibu la kila swali, na kila jibu tamu. Sebule, chumba kidogo, chumba kikubwa cha nyuma chenye bafu humo humo, na hakuna kizingiti popote. Alimfungulia Fundi milango yote isipokuwa ule wa nyuma.

"Hapo mama yangu amepumzika," alinong'ona. "Lakini ndicho kizuri kuliko vyote, utaona."

Mara ya pili mama alikuwa anavaa. Sasa, mtu aliyelelewa akaleleka atasukumaje mlango wa mama wa watu? Fundi alisimama nje akapiga shikamoo, na sauti nyembamba ikaitikia kutoka ndani, "Marahaba, mwanangu." Akaridhika. Adabu ndiyo iliyomponza. Alipouliza mama atahamia wapi, Mjomba alikaribia kukasirika. "Kwangu! Si mama yangu?"

Wakili aliyeandika mkataba alimwonya. "Ipokee ikiwa tupu, mama. Ukimwacha mtu ndani hata siku moja, kumtoa ni kesi ya miaka." Fundi alicheka. Nani huyo angesahaulika ndani ya nyumba?

Jumamosi walimu walifika mapema na godoro lao, wakasimama chini ya ngazi wakitabasamu kwa aibu. Fundi akawapa funguo. Mzee akateremshwa mara ya mwisho, macho yamefumbwa, akawekwa mbele ya lori karibu na dereva. Injini ilipowaka akafungua macho, akatazama dashibodi, akacheka. Fundi hakuwa ameusikia mcheko huo kwa miaka miwili.

Saa tano wakawa wamefika. Ufunguo ulikuwa umeachwa kwa muuza duka wa pembeni, na simu ya Mjomba ilikuwa imezimwa. Fundi akafungua. Sebule ilikuwa tupu, imefagiwa. Akaenda moja kwa moja nyuma, akausukuma ule mlango.

Bibi mmoja mdogo wa umbo alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema kwa furaha. "Mwanangu hakuniambia nina wageni."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe wa mlangoni! Sauti yako naijua."

Fundi akaingia hatua moja. "Mama, mwanao hajakuambia kitu?"

"Aniambie nini? Alikuja juzi akabeba makochi, akasema yanaenda kushonwa upya."

Ikabidi aambiwe. Fundi alisema yote, haraka, akitazama sakafu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, nguo iliyokunjwa nusu ikiwa mapajani.

"Kauza," alisema, "na mimi nimo?"

Fundi alitoka nje kupiga simu. Imezimwa. Akapiga tena, kama vile simu huona haya. Akamweleza mumewe dirishani mwa lori. Mzee alihangaika na ulimi wake, akatoa neno moja.

"Mwache."

"Nimwache! Na wewe nikuweke wapi, juu ya paa?"

Alikuwa amekwisha kupima. Mlango wa chumba kidogo haukupitisha kiti cha magurudumu. Bafu lilikuwa nyuma. Kwao kwa zamani, walimu walikuwa wameshatandika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini haya yalikuwa machafu na alijua. Alijua pia kwamba bibi akilala humo usiku mmoja tu, wakapika pamoja na kuulizana hali asubuhi, yeye Fundi hatapata mdomo wa kumtoa. Alijichukia kwa kulijua hilo, akalifuata.

"Kitoeni kile kitanda," aliwaambia wapagazi waliokuja na lori.

Mkubwa wao alikuwa ametukana tangu asubuhi: ngazi, kabati, na mababu wa aliyebuni kabati. Sasa alivua kofia.

"Mama, mimi nabeba vyombo. Hilo silibebi."

Wenzake wawili wakaenda kukaa ukutani, wakatazama barabara.

Basi Fundi akaingia mwenyewe. Bibi akampisha, akasimama kando. Fundi akaegemeza godoro ukutani, akashika kichwa cha kitanda, akavuta. Kilisogea kidogo kikakwama. Akavuta tena, machozi yakimtoka wazi, hasira juu ya Mjomba, juu ya wakili, juu ya mumewe anayeweza kusema neno moja la huruma na kuishia hapo. Zaidi ya wote alijionea haya yeye.

Bibi alimtazama kwa muda. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akashika upande wa miguuni.

"Usivute hivyo, utaumia mgongo, na una mgonjwa wa kumnyanyua," alisema. "Inua kwako kwanza, halafu kilaze ubavu. Mlango huu naujua mimi."

Wakainua pamoja. Kikapita bila kugusa mbao. Sebuleni bibi akakitua, akashusha pumzi, akamtazama.

"Haya, mwanangu. Tunakipeleka wapi?"