Upande wa Bi Mize wa Sinia

Mwaka ule Shahida alitaka jambo moja tu, mama yake abaki nyumbani kwake mwenyewe. Nyumba ilikuwepo, ghorofa ya juu pale Mkunazini. Mama naye alikuwepo, Bi Mize binti Mcha, miaka sabini na sita, akili yake kali kuliko ya makarani wote wa maktaba ya Tunguu alikofanya kazi Shahida. Kilichokosekana ni miguu. Kutoka mlango wa mtaani hadi chumbani kwa Bi Mize palikuwa na vidato vya ngazi ishirini na sita, vyembamba na virefu, na kamba ya kushikia ukutani. Ijumaa moja Bi Mize alivipanda mpaka pale ngazi inapokata kona, akashindwa kwenda juu wala kurudi chini. Akakaa pale saa nzima mpaka Sumaiya, mpangaji wa chini, aliporudi sokoni na kumkuta.

Yussuf, kaka yake Shahida, hakutaka maelezo. Yeye alikuwa na nyumba ya chini isiyo na ngazi, Bububu, chumba kimoja kikiwa kitupu.

"Nampa miezi mitatu," alisema. "Akipanda mwenyewe bila kushikwa, akae. Akishindwa anakuja kwangu."

Alilisema kwa wema, na hilo ndilo lililomuudhi Shahida zaidi, maana mtu mwema huwezi hata kumgombeza. Bi Mize alikuwa na maneno yake. Alisema Bububu hamjui jirani hata mmoja, na atakaa ukumbini kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Wakampeleka kwa kijana mmoja aitwaye Wakil, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wakil alimwamkia Bi Mize vizuri, akamkalisha kitini, akamwambia akunje mikono kifuani ainuke na kukaa mara tano. Bi Mize aliinuka mara mbili. Ya tatu akabaki pale pale, anatazama mbele kwa hasira.

Wakil akawaeleza. Umri ukisogea misuli huondoka kimyakimya, na mtu mzima anahitaji protini nyingi kuliko anavyodhani, si kidogo kama watu wanavyosema. Asubuhi mayai. Mchana kipande cha samaki kisichopungua kiganja chake. Usiku maharage au choroko. Na kila siku kukaa na kuinuka. Figo zake daktari alishazitazama, hazina tatizo.

"Chai kavu na mkate wa boflo haviwezi kukupandisha ngazi, Bi Mize," alisema.

"Nimesikia, mwanangu."

Basi Shahida akajifunga kibwebwe. Kila alasiri akitoka kazini alipita Darajani akanunua samaki, jodari au changu, leo pweza kesho kibua, akamwachia Sumaiya kwenye friji. Mchana wa pili Sumaiya alipika, akapandisha sinia juu, wakala pamoja yeye na watoto wake wawili na Bi Mize, kwa sababu Bi Mize alisema hajui kula peke yake. Shahida naye alipanda kila siku kumsimamia mama yake mazoezi. Akifika pale kwenye kona husimama, akatoa simu na kuitazama kidogo, kisha akaendelea. Hakuwa na ujumbe wowote. Ilikuwa tabia tu.

Baada ya mwezi na nusu wakarudi kwa Wakil. Bi Mize aliinuka mara mbili. Wakil akamzungushia utepe kwenye shavu la mguu, akaandika, akafuta, akapima tena. Mguu ulikuwa umepungua.

"Anakula?"

"Samaki nnamnunua kwa mkono wangu," alisema Shahida. "Mama, si unakula?"

"Nnakula, alhamdulillah."

Shahida alitoka mle anatamani kulia. Alimkasirikia Wakil na utepe wake, akawakasirikia na samaki. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akatokea Mkunazini adhuhuri bila kumwambia mtu.

Aliwakuta mkekani, ndiyo kwanza wanasema bismillahi. Wali umejaa sinia, na katikati vipande vinne vya jodari. Shahida akakaa pembeni, akasema yeye ameshiba, akatazama mkono wa mama yake. Ulianza kazi mara moja. Ulichambua kipande cha kwanza kwa vidole vitatu, ukatoa miba, nusu ukaisukuma upande wa mtoto mmoja, nusu upande wa mwengine. Cha pili ukampelekea Sumaiya. Cha tatu kikagawika hivyo hivyo. Cha nne, ambacho mtu yeyote angedhani ndicho chake, kilimegwa mara tatu kikatoweka. Hakuna aliyeomba wala aliyenyakua. Kila mmoja alikula alichokikuta upande wake, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Upande wa Bi Mize ukabaki wali uliolowa mchuzi, na mfupa, na mfupa ule aliufyonza kwa raha zake.

"Mama, samaki wako yuko wapi?"

"Nshakula."

"Umekula mfupa."

"Kwani mfupa si wa samaki?"

Sumaiya akaacha kula, uso umemshuka. "Dada Shahida, wallahi sikujua. Mie nnaona kila siku sinia linakwisha."

Shahida hakumlaumu. Atamlaumu vipi, na yeye mwenyewe ana miaka hamsini na mbili na hakumbuki hata siku moja kumwona mama yake anakula kipande kizima? Alikuwa amekula upande wa pili wa mkono ule maisha yake yote, akadhani samaki huja na nyama tu.

Siku ya pili akaleta sahani. Kipande cha Bi Mize kiwekwe peke yake, mbali na sinia, basi.

"Nina maradhi gani mimi hata nitengwe?" aliuliza Bi Mize. "Marehemu baba yako aliugua miaka miwili, hatukumtilia chakula mbali."

Hata hivyo sahani ilirudi nyeupe, na Shahida akafurahi siku tatu nzima. Siku ya nne Sumaiya akamwambia kwa aibu kwamba yeye akienda kunawa, Bi Mize huimwaga sahani yote kwenye sinia. Na mayai ya asubuhi watoto walikuwa wakienda nayo skuli, yamefungwa kwenye leso.

Hapo Shahida alipandisha sauti mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Unataka kwenda Bububu?"

"Sitaki."

"Basi kula."

"Nile vipi?" Bi Mize akagusa koo lake. "Nikijipa mimi kinakwama hapa. Si ukaidi, Shahida. Sijui tu."

Shahida akarudi kwake Mpendae na hasira zake zote. Usiku, wakati wa chakula, aliwasimulia mumewe Ayoub na vijana wao wawili, huku anachambua changu na kugawa. Kukaa na kuinuka mara tano! Jambo dogo namna ile, na mtu amepewa kila kitu! Akanawa, akavuta kiti, akakunja mikono kifuani awaonyeshe lilivyo jepesi. Moja. Mbili. Tatu. Ya nne mkono ulichomoka wenyewe ukashika kabati la vyombo.

Vijana wakacheka, kisha wakaona mama yao hacheki.

Shahida akarudi mkekani, akalitazama sinia. Ayoub alikuwa na samaki mbele yake. Vijana walikuwa na samaki. Upande wake palikuwa na wali uliolowa mchuzi, na miba. Alikuwa amegawa samaki mwenyewe, kwa vidole vitatu, huku anamsema mama yake. Hasira zikakosa pa kwenda.

Mchana wa pili alikaa mkekani Mkunazini, mkabala na mama yake.

"Mama, jana nimefanya mtihani wako."

"Umeinuka mara ngapi?"

"Tatu."

"Mie mbili," alisema Bi Mize, na kwa mara ya kwanza akaonekana kaingiwa na hofu. Mkono wake ukakata nusu ya kipande, ukausukuma mnofu upande wa Shahida. Shahida akaurudisha.

"Sili mpaka ule."

"Kula wewe. Mie mzee."

"Basi hatuli."

Wali ukapoa. Sumaiya na watoto walikwishamaliza na kunawa, nao bado wamekaa, samaki katikati. Mwisho Bi Mize akamega tonge, akalitia mnofu, akalipeleka mdomoni huku amemkazia binti yake macho. Shahida akafanya vile vile. Wakala tonge kwa tonge, wamenuna kama watu wanaodaiana talaka, na hakuna aliyefurahia kile chakula.

Shahida akabadilisha zamu kazini. Wiki sita walikula namna hiyo, na wiki sita hazikupita kwa amani. Bi Mize aliiba na kugawa kila alipopata mwanya, Shahida akachoka kumlinda, akagombana na Sumaiya bure, akaomba radhi. Lakini mayai yaliacha kwenda skuli. Na kila baada ya sala ya alasiri wawili hao waliweka viti viwili, wakakaa na kuinuka, mama akimhesabia binti kwa sauti ya ukali.

Siku ya ahadi Yussuf alikuja na gari, kiti cha mbele amekwishakisogeza nyuma ili mama yake apate nafasi. Alimteremsha Bi Mize mwenyewe hadi mtaani, akapanda kumngojea juu. Shahida alibaki nyuma ya mama yake, mikono tayari kumdaka.

Bi Mize akashika kamba. Alipanda polepole, kila kidato akitaja jina la Mungu. Penye kona akasimama, akapumua, Shahida akaona dunia imesimama naye. Kisha mguu ukanyanyuka, na mwengine, mpaka kidato cha ishirini na sita. Bi Mize akaukamata mwimo wa mlango, jasho linamtiririka.

Yussuf akampisha mlangoni. "Haya," alisema. "Kaa kwako, mama."

Bi Mize alikuwa amegeuka anatazama chini, pale kwenye kona, ambapo Shahida alikuwa amebaki nyuma, ameegemea ukuta, simu mkononi, kifua kinapanda na kushuka.

"Na huyu, Yussuf," alisema, "utamhamishia Bububu lini?"