Pini Mbili Zinazong'aa

Kibao changu cha kukatia vitunguu kilipotea Jumanne. Jumatano nikakikuta chini ya pikipiki ya binti yangu, kimekatwakatwa na kutobolewa matundu, kinaongoza mnyororo. Hakuna aliyeniuliza. Katika nyumba hii mama haulizwi, mama huarifiwa.

"Plastiki yake nzuri sana," mume wangu aliniambia, kama mtu anayemsifu marehemu mbele ya wafiwa. "Ngumu, inateleza, haili mnyororo. Hata dukani huipati kama hii."

"Dukani ndiko nilikoinunua, Milimita."

Milimita ni jina walilompa wenzake kiwandani, kwa sababu hata chumvi akiomba anataka kujua kiasi gani. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma tangu ujana wake. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na mashine ndogo ya kukerezea, jiliwa la kubania vyuma, na midomo iliyofungwa. Alikuwa akiamka asubuhi, anakaa uani, anatazama mikono yake. Ukimsalimia anaitika, ukimpa chai anakunywa, basi. Mimi ni mwanamke wa maneno mengi, na kuishi na mtu asiyenijibu kulinitisha kuliko ukata. Nilikuwa naamka usiku kusikiliza kama anapumua.

Kilichomfufua ni pikipiki mbovu. Kitinda mimba wetu ni fundi wa minara ya simu, na minara yake iko milimani ambako gari hufika likipenda. Kazini wakampa pikipiki ya porini, ndefu kama ngamia, matairi yenye meno, umri wake sawa na wa shangazi yake. Kiwanda kilichoiunda kiliacha kuiunda zamani. Vipuri ukiulizia, muuza duka anakucheka kwanza ndipo anakujibu hakuna.

"Hakuna ni neno la wavivu," mume wangu akasema. Hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwa miezi kadhaa, nami nikasimama mlangoni na mwiko mkononi nikimshukuru Mungu.

Tangu siku hiyo kila kitu changu kikawa kipuri. Boksi la sabuni likageuka gasketi. Kandambili yangu ya kushoto ikakatwa ikawa mpira wa gia, nikabaki na ya kulia, nayo ya nini? Nilipiga kelele kwa sababu nisingepiga kelele wangedhani naumwa. Moyoni nilikuwa tayari kumpa na sufuria.

Kisha ikaja pini ya breki. Ni kijiti cha chuma, kifupi kuliko kidole changu cha kati, kinachoshikilia pedeli ya breki ya nyuma. Ya zamani ilikuwa imelika, pedeli inacheza kama jino la mtoto. Sasa, mume wangu ana desturi yake. Kila kitu hutengeneza viwili. Cha kwanza hukikereza kwa chuma laini, cha kupimia tu, anakiita kaka mtu. Kikishaingia na kukaa sawasawa, anatengeneza cha pili kwa chuma kigumu cha springi ya gari, anakichoma hadi kiwe chekundu, anakizamisha kwenye mafuta kikomae. Huyo ndiye mdogo mtu, na ndiye anayeingia kazini. Kaka mtu hubaki na ukurutu wake, bila kupigwa msasa, hakuna wa kuwachanganya.

Lakini hii ilikuwa breki ya mwanawe. Akazipiga msasa zote mbili, kaka na mdogo, mpaka ungeweza kujitazama meno. Akamkabidhi binti yetu moja ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa, kama mtu anayetoa posa.

Binti akaenda nayo uani, akainama kwenye pikipiki kitambo, akarudi anajifuta mikono. "Tayari, baba. Imekaa."

Kesho yake asubuhi simu zote za mji zikazima. Mnara wa mlimani umekufa. Barabara ya gari ilikuwa imekatwa na mvua, kwa hiyo mtu wa kwenda ni mmoja na chombo cha kumfikisha ni kimoja. Binti akafunga mkoba wa vifaa mgongoni, akavaa kofia yake ngumu, akatuaga akiwa ameshawasha, akaenda.

Mimi nikaona nafasi. Dirisha la jikoni lilikuwa linapigapiga kwa upepo, na kulabu yake nilikuwa nimeiomba mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe.

"Leo huna pikipiki ya kujifichia," nikamwambia. "Nitengenezee kulabu."

"Nitamkunja kaka mtu," akasema kwa furaha. "Chuma laini, kinakunjika kama waya."

Akaibana ile pini kwenye jiliwa, akainua nyundo, akapiga. Nyundo ikaruka. Akapiga tena kwa nguvu. Ikalia kama kengele, na pini haikupinda hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeanza kumcheka, kwamba fundi mzima anashindwa na kijiti, ndipo nikamwona uso. Rangi yote ilikuwa imemtoka.

"Mama," akaniita, na huniita hivyo pakiwa pabaya tu. "Huyu si kaka mtu."

Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kama iliyobaki nyumbani ndiyo ngumu, basi iliyoko mlimani ndiyo laini.

"Kwani itafanya nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kupanda hakuna shida, breki haina kazi. Kushuka ndiko. Ataikanyaga, ataikanyaga, ile pini itapinda, pedeli italala. Breki ya mbele peke yake kwenye changarawe..." Njia ile naijua. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili hakuna kitu.

Akachukua simu, akaitupa. Mtandao ungetoka wapi, na mwenye kuurudisha ndiye huyo tunayemtafuta? Akavaa viatu aende kwa miguu. Nikamwambia atafika kesho. Akavivua. Akavivaa tena. Akatoka hadi getini, akarudi, akasimama mbele ya mashine yake ya kukerezea akiitazama kama adui.

"Nilizing'arisha mimi," akasema. "Kwa mikono yangu. Nilitaka zipendeze."

Nilikuwa namwogopea mtoto, na nilikuwa namwogopea na huyu, kwa sababu nilijua kama pini ile ikipinda hatagusa chuma tena maisha yake yote, na huenda hata chai asiguse. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, magoti yetu yakagusana. Tukaiweka simu katikati yetu kwenye benchi la kazi, tukawa tunaitazama kama chungu ambacho hakitaki kuchemka.

Kuna jambo moja ambalo sote wawili tulilijua na hakuna aliyelisema. Mtandao ukirudi, maana yake mtoto amefika juu salama na kazi ameimaliza. Na maana yake pia ni kwamba sasa anashuka.

Jua lilikuwa limeshapita utosi simu ilipolia. Ujumbe mmoja, wa pili, halafu ukawa mvua: salamu za mawifi, matangazo ya mikopo, jirani anauliza kama kwetu pia simu hazishiki. Mume wangu akapiga. Laini ina watu. Mji mzima ulikuwa umekumbuka kupiga simu kwa wakati mmoja. Akapiga tena, kwa haraka akabonyeza namba ya kinyozi wake, kinyozi akapokea, akakatiwa. Nikamnyang'anya nikapiga mimi. Ikaita. Ikaita tena.

"Baba, shikamoo, si umeona nimewawashia mtandao?"

Akainyakua simu sikioni mwangu. "Uko wapi?"

"Bado niko juu, nakusanya vifaa nishuke."

"Usiipande hiyo pikipiki! Iache hapo hapo ilipo! Shuka kwa miguu, shuka kwa matako ukitaka! Pini niliyokupa siyo, mwanangu. Nimekupa kaka mtu. Itapinda."

Upepo wa mlimani ukavuma kwenye simu. 

"Baba," akasema polepole, "pini yako iko mfukoni mwangu."

"Mfukoni?"

"Jana nilipokuwa naiingiza niliigonga kidogo tu ikabonyea. Nikajua ni laini. Nikaitoa, nikairudisha ile ya zamani."

"Ya zamani imelika! Inacheza!"

"Nimeizungushia kipande cha kopo la soda. Sasa haichezi. Nimeijaribu vizuri kabla ya kutoka, wala usiwe na wasiwasi."

Mume wangu akafumba macho. Akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu anayetua mzigo ambao hakuomba kusaidiwa kuubeba. Nami nikashusha yangu. Kisha akafumbua macho na kukunja uso.

"Kopo lenye unene gani?"

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki kilichotangulia. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilidhani nimezaa fundi wa minara, kumbe nimezaa Milimita mwingine, huyu anakereza kwa makopo.

Alipofika nyumbani alikuwa na tope mpaka kwenye kope, na pedeli iko mahali pake. Nikamkumbatia hivyo hivyo, gauni langu likaharibika na sikusema kitu, jambo lililomshtua kuliko yote. Baba yake hakumkumbatia. Alipiga magoti penye pikipiki, akaitoa pini ya zamani na kile kipande cha kopo, akakipima, akaguna, akaingiza mdogo mtu. Akaibonyeza pedeli kwa mkono, akaikanyaga kwa mguu, kwa uzito wake wote. Ndipo akakaa chini pale pale kwenye vumbi, mgongo umeegemea tairi.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Binti akamtazama. "Ulikuwa unapiga mluzi, baba."

Ni kweli. Jana ile, baada ya kukabidhi kile kitambaa, alikuwa anafagia vumbi lake la chuma sakafuni huku anapiga mluzi. Nilimsikia kutoka jikoni, nikazima maji ya bomba nimsikie vizuri. Kumbe sikuwa peke yangu niliyekuwa nikimsikiliza.

Binti akamtoa kaka mtu mfukoni, mume wangu akampokea, akawa anamgeuzageuza kwenye vidole. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujisumbua kuyaficha.

"Siku nyingine niambie," akasema.

"Nikikuambia utanuna."

"Nitanuna. Niambie hivyo hivyo."

Binti akakaa vumbini kando yake, akavua kofia, akafikiri kidogo.

"Haya. Ule usukani ulioninyooshea wiki iliyopita."

"Umefanya nini?"

"Bado umepinda."

Nilimwona baba yake anaugeuzia usukani jicho moja, halafu jicho lingine. Akanyanyuka, akaenda kuchukua rula yake, na akanuna. Alinuna mpaka chakula kikapoa, huku anapimapima na kulaumu wazazi wa fundi wa kwanza aliyeunda usukani ule, na mimi sijawahi kumwona mtu amenuna nikafurahi kiasi kile.