Mkono wa Kulia wa Shati

Nisikilize vizuri, maana sipendi kurudia maneno. Mimi ni Nyaboke, nesi wa miaka mingi, na sikuja Texas kuogopa mzee wa miaka themanini. Nilikuwa nikimtunza kwake katika mji wa Katy, nyumba kubwa yenye vioo kila ukuta, mimi na wenzangu wawili. Mmoja ni Mogaka, mwanamume wa kwetu Nyamira, mwenye mke na mdomo. Wa pili ni Fortunée, Mkongomani wa Goma, aliyefika kila siku kutoka mtaa wa Sharpstown na usingizi machoni. Aliniita Yaya, kwao ni dada mkubwa. Kwetu yaya ni wa kulea watoto wa watu, nikamwambia basi hajakosea, kazi yenyewe ndiyo hii.

Mzee tulimwita Profesa, ila Fortunée alimwita Patron, yaani bwana mkubwa. Alikuwa amefundisha chuo kikuu habari za wafalme wa Ulaya, wale wa miaka mia tatu, mia nne iliyopita, waliokuja kutawala peke yao bila kuulizwa na mtu. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka. Jina la marehemu mkewe lilishapotea, lakini wafalme walibaki wote. Asubuhi moja nikimvalisha akaniambia, "Unajua mfalme aliwawezaje mabwana wakubwa, wenye ngome na majeshi? Aliwaita wakae nyumbani kwake, kisha akawaacha wagombanie nani atamshikia shati akiamka."

"Na wao wakakubali?" nikacheka. "Watu wazima?"

"Shika mkono wa kulia," akasema.

Nikashika.

Tangu hapo tulimvalisha sote watatu kila asubuhi, kabla ya kugawana zamu. Mmoja alishika mkono wa kulia wa shati, mwingine wa kushoto, wa tatu alisimama penye pazia. Mkono wa kulia ulikuwa wa aliyependwa siku hiyo. Mtumikie kafiri upate mradi wako, tuliambiana, mzee ni mgonjwa, tumfurahishe. Uongo mtupu. Nilikuwa nikitoka nyumbani mapema ili nimtangulie Mogaka, na nikipewa ule mkono wa kulia nilifurahi siku nzima, mimi mama mzima. Nikipewa pazia niliwachukia wenzangu mpaka jioni.

Kisha mwanawe akaja kutoka Dallas. Alikuwa hajafika kwa muda mrefu. Alisimama mlangoni akasema, "Baba, ni mimi."

Profesa hakugeuza uso. Aliniuliza mimi, "Nani?" Nikamtajia. "Mtu huyo," akasema polepole, "simuoni kamwe."

Baadaye alinieleza kwamba mfalme alisema hivyo juu ya bwana yeyote aliyekosa kuja kwake, na bwana huyo alikuwa amekwisha. Mwana aliondoka akilia. Jioni nilipangusa vumbi picha za ukutani, na katika ile ya familia, pale aliposimama mwana, mzee na mkewe walikuwa wameweka mikono yao juu ya mabega ya hewa. Nikajiambia, Nyaboke, umechoka, nenda ulale.

Wiki iliyofuata Mogaka alichelewa, barabara kuu ya I-10 ilikuwa imejaa magari. "Mogaka?" akasema Profesa. "Simuoni kamwe." Mogaka akacheka, na mimi nikacheka naye. Mchana niliweka kikapu cha nguo juu ya kiti cha jikoni, na kiti kikasema, "We Nyaboke, una wazimu? Nimekaa hapa." Nikamwona, lakini hafifu, kama mtu aliye nyuma ya pazia la bafu. Kesho yake kiti kilinyamaza. Nilimpigia mkewe simu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mogaka yupi?"

Utauliza mbona hatukuacha kazi. Uache uende wapi? Anayekosa kufika ndiye wa kwanza kutoonekana. Tulikuja hata Jumapili, hata na homa. Fortunée akaacha kula. Ana binti, Zoé, yuko darasa la kwanza, na hapa Amerika hawana ndugu mwingine. "Yaya," aliniambia tukikunja mashuka, "kama anasema ile neno juu yangu, Zoé atabakia na nani?" Nilimwapia kwamba nikiwa hai neno hilo halitamshika. Niliapa kwa mama yangu, na nilimaanisha.

Basi siku ikafika. Fortunée alikuwa penye pazia, akalivuta kidogo, jua likampiga Profesa machoni. Akakunja uso.

"Kuna mtu pale?" akaniuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika mkono wa kulia. "Mimi simuoni. Wewe je?"

Nilijua jibu alilolitaka. Nilimtazama Fortunée, na tayari niliona fremu ya dirisha kupitia bega lake. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo hata kwenye wodi ya wanaokufa.

"Ninamwona," nikasema. "Ni Fortunée, mama wa mtoto. Na wewe ni mzee mgonjwa. Mfalme gani anavalishwa nepi?"

Fortunée akarudi mzima, kitenge chake na rangi zake zote. Profesa hakukasirika. Alimtazama yeye, akatabasamu, akamwashiria aje upande wa kulia.

"Nimesikia kelele," akamwambia. "Kuna mtu anayeongea hapa?"

Nikangoja. Sikuwa na wasiwasi, Mungu ni shahidi, nilikuwa nimetoka kumwokoa sasa hivi.

Fortunée alichukua shati kutoka vidoleni mwangu. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

"Siko naona mutu, Patron," akasema.

Nikamwita kwa jina lake. Nikamwita tena, nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote. Akajikuna pale nilipomshika, akaendelea kufunga vifungo.