Pazia la Pili

Jambo ambalo Fidelis hakuligundua, ingawa kazi yake ilikuwa kukagua vyumba vya watu, ni kwamba chumba cha mama yake kilikuwa na madirisha mawili. Nyumba ile ya Kihonda aliijenga mwenyewe, na ukuta wa upande wa kitandani uligusana na ghala la mahindi la Mzee Stambuli. Lakini kila asubuhi alimwamkia mama yake akiwa mlangoni, kisha akaenda ofisini kuwasimamisha wapambaji wa nyumba wasio na usajili. Mwaka ule maduka ya Morogoro yalijaa makochi kutoka ng'ambo, kila mwenye nyumba alitaka sebule ya kisasa, na bodi ya usajili wa wapambaji, aliyoifanyia kazi, ilitaka vyeti.

Siku aliyobaki nyumbani kwa malaria, alimkuta mama yake, Bibi Kristina, ambaye miguu ilimgomea tangu ahamie mjini, akigombana na ukuta.

"Winfrida! Kabeji umezifunga vibaya, zitafika Dar zimekuwa supu!"

"Lori linanisubiri, bibi!" ilijibu sauti ya kike kutoka chini.

Fidelis akasogeza pazia. Mgeta, kule milimani alikohama mama yake, ilikuwa pale, pamoja na matuta yake, baridi yake na Winfrida, jirani wa zamani, kando ya kabeji zake. Nondo za dirisha zilikuwa zimenyooka, na lipu ilikuwa safi.

"Nani kaweka hili?"

"Chausiku, aliyenishonea mapazia. Funga mlango, mwanangu, ukungu unatoka."

Jina hilo alilijua. Alikuwa amemsimamisha kazi Jumatatu. Akamwita, naye akaja na tepu ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, mama," Fidelis alimwamkia.

"Marahaba. Mgonjwa ni wewe au bibi?"

"Ni hili dirisha."

"Ah. Kitambaa kilizidi, nikatundika pazia la pili ukutani lisiliwe na panya. Pazia likikaa sana, dirisha huja."

"Ulisomea wapi?"

"Kwa shangazi. Alikuwa na cherehani."

Fidelis alimtazama mama yake, ambaye mashavu yalikuwa yamemrudia bila yeye kuona, akamshukuru Chausiku kwa mikono miwili. Kisha akaiomba bodi imsajili. Alijua hatari yake: bodi ikikataa, kazi isiyo na mwenye cheti huvunjwa, na dirisha lingezibwa kwa matofali.

Wajumbe wawili walikuja kutoka Dar. Walipima dirisha, wakakuta vipimo viko sawa. Mmoja alimwomba Winfrida karoti, akalivuta fungu kwa kamba.

"Kazi safi sana," alisema mwenyekiti. "Ila haiwezi kubaki bila jina."

"Jina lipo," alisema Bibi Kristina. "Anaitwa Chausiku."

"Jina lenye cheti, bibi."

Akapatikana Bwana Kondo, mbunifu aliyesajiliwa, ambaye hajawahi kufika Morogoro. Dirisha likasajiliwa kuwa lake. Chausiku akatakiwa kung'oa kibao chake cha barabarani na kubaki na kushona sare za shule tu. Fidelis alimpelekea kapu la njegere kutoka kwa mama yake, zikiwa bado na umande, akaliweka kando ya cherehani.

"Bibi bado anaiona Mgeta?" aliuliza Chausiku bila kusimamisha cherehani.

"Anaiona."

"Basi mwambie njegere nimezipokea. Na wewe ule, umekonda."

Jina la Chausiku halijaandikwa popote mpaka leo. Fidelis siku hizi hula chakula cha mchana chumbani kwa mama yake, akiwa amevaa sweta.