Pumzi ya Asheri

Naomi alifuta ndala zake mlangoni mwa ghala la zamani la ushirika, ambalo sasa lilikuwa ofisi ya kampuni iliyonunua machimbo ya jasi nje ya Makanya. Mkononi alikuwa na chupa ya jemu aliyoiviringisha kwenye khanga. Ndani mlikuwa na kipande cha pafu la marehemu mumewe, Asheri, kilichokatwa hospitalini kabla hajazikwa. Kilikuwa kinapumua, na kioo cha chupa kilikuwa kimeshika ukungu.

“Shikamoo, mama,” alisema Nicolaus, mtaalamu wa hadubini aliyeletwa kutoka Dar es Salaam.

“Marahaba. Nimemleta Baba Eliakimu.”

“Mweke hapo mezani.”

Meneja alikuwa ameahidi mbele ya mchungaji: hadubini ikionyesha kwamba vumbi la jasi ndilo lililomuua Asheri, shimo lake litafungwa. Katika shimo hilo sasa alikuwa akichimba Eliakimu, mtoto wao wa pekee. Tangu masika alikuwa anakohoa kama baba yake, kikohozi kinachoanzia kifuani na kuishia magotini.

Hadubini ile haikuona kwa mwanga. Ilirusha mwale wa elektroni, na mwale hautaki hewa njiani, kwa hiyo pafu lilifungiwa kwenye chumba kidogo cha chuma, pampu ikavuta. Lakini Asheri alikuwa bado zamuni, kama siku zote za kazi. Alihema kama mtu anayeponda jiwe, na kila pampu ilipotoa hewa, yeye aliingiza nyingine. Mwale ukatawanyika. Picha ikawa ukungu mtupu.

“Mzee ana pumzi huyu,” alisema meneja. “Alipokuwa hai si kila siku alikuwa anaomba ruhusa, eti pumzi imemwishia?”

Watu wa ofisini walicheka. Naomi naye alicheka kidogo, kwa adabu.

Jumatano Nicolaus alilifunga pafu kwa uzi mpaka pumzi ikakatika. Hewa ikaisha kabisa. Hapo tena jasi, ambayo haipitishi umeme, ikajaa umeme wa ule mwale bila pa kuupeleka, na picha nzima ikawaka nyeupe kama bati kwenye jua la mchana.

“Inatakiwa hewa kidogo tu, ya kuuondoa huo umeme,” alieleza Nicolaus huku akifungua uzi. “Ikizidi, ukungu. Ikikosekana, ndiyo haya.”

“Ngojeni Ijumaa jua lizame,” alisema Naomi. “Sabato ikiingia huwa anatulia.”

“Wasabato bwana!” alisema meneja. “Hata mapafu yao yana likizo.”

Wakangoja. Ijumaa jua lilipozama upande wa Umasaini, Naomi alisimama kando ya mashine akaimba wimbo wa kufungulia Sabato, kwa sauti ile ya jikoni. Pafu likahema mara moja, likakaa, likahema tena kidogo, kama Asheri akisinzia kitini na Biblia kifuani. Picha ikatokea. Sindano za jasi zilijaa kila kitundu, zimesimama kama mkonge shambani.

“Vumbi hilo,” alisema Naomi.

“Ndilo, mama.”

Meneja aliinama, akatazama sana. “Na huyu anapumua?”

“Anapumua. Bila pumzi yake tusingepata picha,” alijibu Nicolaus.

“Basi hajafa. Mimi nilisema nitalifunga shimo kama limeua mtu.”

Naomi aliutazama mlango wa kile chumba cha chuma. “Nimwambie aache kupumua?”

“Akiacha, picha inapotea, mama,” alisema Nicolaus, akazima mashine.

Jumapili asubuhi king'ora cha machimbo kililia. Msimamizi aliita majina ya zamu, na la Asheri lilikuwa limerudishwa orodhani, maana kwa meneja hajafa. Nyumbani Naomi alikuwa ameshavua kitambaa cha msiba, kwa kuwa mumewe yuko kazini, na alikuwa amefunga makande ya watu wawili. Eliakimu aliitika mara mbili, jina lake na la baba yake, akakohoa, akashuka shimoni na chupa ya pafu kwapani.

Walipofika chini, kioo kikashika ukungu. Kazi ilikuwa imeanza.