Kichupa cha Kumi na Tisa

Kichupa cha kumi na tisa kilikohoa saa nne asubuhi, mama wa lebo akiwa amekishika kwa koleo dogo, barafu bado imekiganda shingoni. Kikasafisha koo, kikasema, "Mke wangu, umekonda."

Mama wa lebo alimaliza kubandika kwanza. Lebo ikikaa upande ni lazima ibanduliwe, na kubandua ni kazi kuliko kubandika. Ndipo akaitika. Sauti ya mume wa ndoa ya miaka ishirini na mbili haihitaji utambulisho, hata kama mwenyewe ana miaka mitatu kaburini.

Mume akaeleza hali yake. Humo hakuwa mzima; alikuwa kipande kimoja cha kimeng'enya cha ini, ambacho bila mwenzake ni sawa na mkasi wenye ubapa mmoja. Alivyoelewa yeye, alipolazwa walimmega ini kidogo, wakanakili maelekezo yaliyomo, wakawapa bakteria, nao wakampika ndani ya mapipa ili watafiti wapate cha kuchunguza. "Wapishi hodari," alisema, "ila hawana mazungumzo." Vichupa vingine hamsini na tisa vikakohoa kuafiki, maana alikuwamo katika vyote.

Ombi lake lilikuwa moja: azikwe. Hata kichupa kimoja kingetosha. Huko kaburini, akiwa hajatimia, halali vizuri, kama mtu aliyesahau mlango wazi.

Mkaguzi wa vipimo aliyekuwa meza ya pili alipunguza redio, akaandika daftarini: "Kumi na tisa kinaongea. Ubora mzuri."

Mama wa lebo akavua glovu, akaenda kwa mkuu wa maabara kuomba kichupa kimoja. Mkuu alikuwa mpole, ulimi wake asali tupu. Hakubisha kwamba mume yumo. Alisema tu kwamba kilichomo ni mali ya maabara, na mgonjwa mwenyewe aliridhia. Akafungua faili, akamsogezea fomu.

Kichupa kukohoa hakukumshtua. Fomu ndiyo iliyomshtua. Chini ya jina la mumewe palikuwa na alama ya dole gumba, wino wa zambarau. Mumewe alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaani yalibeba mwandiko wake, na hata orodha ya nyanya na vitunguu aliiandika kwa herufi zenye vivuli. Halafu tarehe. Aliisoma mara tatu. Siku hiyo yeye alikuwa amekaa nje ya mlango wa mochwari, anangoja kukabidhiwa mwili.

"Mkuu, siku hii alikuwa ameshakufa."

"Dole ni lake, mama. Tulihakikisha."

Alirudi mezani, akamsimulia mumewe.

"Kwa hiyo mlango ule ule," mume akasema, "wewe nje, wao ndani."

"Mlango ule ule."

Alasiri zikaja karatasi za usafirishaji. Mume akauliza anapelekwa wapi. Mkewe akamsomea anwani ya mji ambao hakuna kati yao aliyewahi kuusikia. Basi akaomba afungwe vizuri, asije akagongana na nafsi yake njiani. Mama wa lebo akatia sifongo kati ya kila kichupa na kichupa, akajaza barafu kavu, akafunga boksi. Dereva akalisalimu, likamwitikia, wakaondoka.

Jumatatu mkuu aliagiza mapipa mengine mawili ya kumpikia.